Kama matokeo yote hutokea, "robo tatu" ni robo tatu ya nini?

Tarakimu:

Habarini za humu, wakuu. Nina swali la mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, na ni refu kidogo. Naomba mnivumilie, maana majibu mengi niliyosoma yanaruka pale pale ninapokwama.

Nitashika mfano mmoja tu. Atomu za fedha zinapitishwa katikati ya sumaku ambayo uga wake una nguvu zaidi upande mmoja, kama walivyofanya Otto Stern na Walther Gerlach mwaka 1922. Kila atomu ama inapinda kwenda juu, ama inapinda kwenda chini. Hakuna inayopita katikati. Sasa chukua zile zilizokwenda juu, uzipitishe kwenye sumaku ya pili iliyoinamishwa nyuzi 60 kutoka ile ya kwanza. Hesabu inasema amplitudi (namba ambayo nadharia inalipa kila tokeo) ya "juu" ni kipeuo cha pili cha 3 kugawanya kwa 2, na amplitudi ya "chini" ni nusu. Zidisha kila moja kwa yenyewe: unapata 3/4 na 1/4. Ukipitisha atomu nyingi, karibu robo tatu zinakwenda juu. Hilo halina ubishi.

Mwaka 1957 Hugh Everett, mwanafunzi wa John Wheeler pale Princeton, alipendekeza tuuache mlinganyo wa Schrödinger ufanye kazi yake mpaka mwisho. Huo ndio unaosema jinsi funksheni ya wimbi, yaani maelezo kamili ya hali ya kitu pamoja na amplitudi zake zote, inavyobadilika. Hakuna kuingiza hatua ya funksheni hiyo "kuporomoka" na kubaki na tokeo moja mtu anapopima. Kwa hiyo atomu inakwenda juu na inakwenda chini. Chombo kinaandika "juu" na kinaandika "chini". Mimi nasoma "juu" na nasoma "chini", kila mimi kwenye tawi lake, yaani toleo lake la dunia. Naupenda mtazamo huu. Hauongezi sheria yoyote. Unachukua mlinganyo tulio nao na kuuamini.

Kinachonisumbua ni uwezekano. Kwa kawaida nikisema jambo lina uwezekano wa robo tatu, namaanisha linaweza kutokea au lisitokee. Hapa yote mawili yanatokea kwa hakika. Au namaanisha kuna kitu sikijui. Hapa naijua funksheni nzima ya wimbi, hakuna kilichofichwa. Sasa hiyo robo tatu ni ya nini?

Tena kuna jambo baya zaidi. Nimechukua karatasi nikaorodhesha matawi ya atomu 10. Kila atomu inagawa tawi mara mbili, kwa hiyo matawi ni 1024. Matawi yenye 5 juu na 5 chini ni 252, ndilo kundi kubwa kuliko yote. Yenye 7 au 8 juu, yaani yanayokaribia robo tatu, ni 165 tu. Maana yake wengi wa hao "mimi" wataona nusu kwa nusu au karibu na hapo, na ukiongeza idadi ya atomu wanazidi kuwa wengi. Watu wanaofanya jaribio kwa uaminifu kabisa watahitimisha kwamba mekanika ya kwanta ni ya uongo!

Kwa hiyo ama mtazamo wenyewe umevunjika, ama ninahesabu kitu kisichopaswa kuhesabiwa. Naomba mtu aniambie ni kipi kati ya hivyo viwili. Na tafadhali msiniambie "kanuni ya Born inasema hivyo," yaani kwamba uwezekano ni mraba wa amplitudi, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoiuliza.

Mwalimu Wimbi, kama unapita humu, shikamoo, nasubiri sana mchango wako.

---

Mpimaji:

Mkuu Tarakimu, swali zuri, ila nakuuliza: kwa nini unataka kanuni ya Born itoke mahali? Max Born mwenyewe mwaka 1926 hakuitoa popote. Kwenye makala yake aliandika kwamba amplitudi ndiyo inayotoa uwezekano, halafu kwenye tanbihi akaongeza kwamba ukitazama kwa makini zaidi ni mraba wa amplitudi. Tanbihi hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo, na kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1954. Imepimwa kila namna na haijaanguka.

Kila nadharia ina misingi ambayo haithibitishwi. Weka sheria kwamba tawi lina uzito sawa na mraba wa amplitudi yake, na uzito huo ndio uwezekano. Kazi imekwisha.

---

Tarakimu:

Ahsante Mpimaji, na hiyo ya tanbihi nilikuwa siijui. Lakini msingi lazima uwe na mahali pa kukaa. Kwenye dunia moja sheria ya Born inasema: kati ya haya mawili litatokea moja, na hili lina nafasi ya robo tatu. Sentensi hiyo inaeleweka. Kwa Everett, "lina nafasi ya robo tatu" ya kufanya nini? La kutokea? Linatokea kwa hakika. Ukiniwekea sheria, niwekee na maana yake.

---

Mwalimu Wimbi:

Marahaba, Tarakimu. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja na ndiyo maana yanakulemea. La kwanza: kwa nini uzito na si idadi? La pili: huo uzito unahusianaje na kile ninachopaswa kutarajia? Nianze na la kwanza kwa sababu lina jibu imara.

Usihesabu matawi. Chukua atomu moja tu: tawi la juu na tawi la chini. Kwa hesabu ya vichwa ni nusu kwa nusu. Sasa kwenye tawi la juu, msaidizi wako anapima kitu kingine kabisa kisichohusiana na atomu ile, chenye matokeo mawili. Matawi yamekuwa matatu, na mawili kati yake yana "juu". Kwa hesabu ya vichwa, "juu" imepanda kutoka nusu hadi theluthi mbili, kwa sababu tu ya uamuzi uliofanywa baada ya tukio! Na asipopima, inabaki nusu. Kanuni inayobadilisha nafasi ya jambo lililokwisha kupita kila mtu anapogusa kitu kingine haiwezi kumwongoza mtu yeyote.

Halafu ni mbaya kuliko hapo. Chombo chako kinagongwa na molekuli za hewa na mwanga kila wakati, na kila mgongano unayashika matokeo na kuyasambaza kwenye mazingira. Ndiyo dikoherensi, na ndiyo inayotenganisha matawi yasiingiliane tena. Lakini haiachi mipaka mikali. Ukikata kwa upana unapata matawi machache. Ukikata kwa wembamba, mengi mno. Ukiniuliza "ni mangapi hasa?", hilo ni swali lisilo na jibu. Zile 1024 ni safu za orodha yako. Fizikia haina namba hiyo.

Sasa angalia uzito. Tawi la juu lina 3/4. Msaidizi akipima jambo lake lenye matokeo mawili sawa, linagawanyika kuwa 3/8 na 3/8. Jumlisha: 3/4. Haijapungua wala kuongezeka, hata ukigawa mara elfu. Hii ni kanuni ya Pythagoras: ichukulie hali nzima kama mshale, na mraba wa urefu wa mshale ni jumla ya miraba ya vipande vyake vinavyokutana kwa pembe mraba, na mlinganyo wa Schrödinger unaitunza jumla hiyo daima. Ukitumia amplitudi yenyewe badala ya mraba wake, jumla inavunjika. Ukitumia kipeo cha tatu, inavunjika. Everett aliitumia hoja hii hii mwaka 1957: alitafuta kipimo ambacho tawi likigawanyika, vipande vyake vinajumlika kurudi kile cha mwanzo, na mraba ndio uliobaki. Mwaka huo huo mwanahisabati Andrew Gleason alithibitisha, kwa njia yake na bila kuhusiana na Everett, kwamba kwenye mifumo yenye matokeo matatu au zaidi yanayowezekana, kipimo kinachojumlika hivyo hakiwezi kuwa cha namna nyingine.

Rudi kwenye karatasi yako. Ulikuwa na matawi 252 yenye tano kwa tano. Kila moja lina uzito wa 3/4 kwa kipeo cha tano, ukizidisha na 1/4 kwa kipeo cha tano. Yajumlishe yote 252: inakuja takriban 0.0584. Sasa chukua tawi moja, lile ambalo atomu zote 10 zimekwenda juu. Ni moja tu kati ya 1024. Uzito wake ni 0.0563. Tawi moja linakaribia kulingana na matawi 252 yakiwekwa pamoja! Na yale 165 uliyoyaona machache yana zaidi ya nusu ya uzito wote, kama 0.53. Ukiongeza atomu, uzito unazidi kujikusanya kwenye robo tatu, na kundi lako la nusu kwa nusu linakuwa na vichwa vingi lakini halina uzito wa kutajika.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lenye uchungu. Umesema hakuna usichokijua. Kipo. Mwanafizikia Lev Vaidman alionyesha mwaka 1998 kwa jaribio la kufikirika: unakunywa dawa ya usingizi, kipimo kinafanyika ukiwa umelala, na unahamishiwa chumba kimoja kama ni juu, kingine kama ni chini. Unaamka, hujafumbua macho. Muulize kila mmoja wenu: uko chumba gani? Wote wawili wanaijua funksheni nzima ya wimbi, na hakuna hata mmoja anayejua yuko wapi ndani yake. Huo ni ujinga halali, na unaweza kupimwa kwa uwezekano. Tena dawa si lazima. Charles Sebens na Sean Carroll wanatumia ule muda mfupi ambao dikoherensi imeshakamilika lakini habari haijafika kwenye ubongo wako. Kila kipimo kina muda kama huo.

Na kiasi? Hapa naipenda hoja ya mwanafizikia Wojciech Zurek ya mwaka 2003. Anza na amplitudi zilizo sawa: "juu" imefungamana na hali A ya mazingira (kila penye juu pana A), "chini" imefungamana na hali B. Nibadilishane juu na chini kwenye atomu. Sasa juu iko na B, chini iko na A. Sijagusa mazingira, kwa hiyo nafasi ya A ni ile ile ya awali; ila mwanzo ilikuwa nafasi ya "juu", sasa ni ya "chini". Kisha mtu wa mbali abadilishane A na B. Hali yote imerudi kama ilivyokuwa mwanzo kabisa, na yeye hajaigusa atomu, kwa hiyo nafasi ya "chini" haijabadilika. Ina maana katika hali ya mwanzo nafasi ya chini ililingana na nafasi ya juu. Nusu kwa nusu, na hakuna aliyeiingiza kwa mlango wa nyuma.

Kwa sumaku yako ya nyuzi 60, fungamanisha "juu" na kitu cha pembeni chenye hali tatu zenye amplitudi sawa. Amplitudi ya juu, kipeuo cha 3 kwa 2, inagawanywa kwa kipeuo cha 3. Inabaki nusu kwa kila hali. Na ya chini ilikuwa nusu tangu mwanzo. Una sehemu nne zenye amplitudi sawa kabisa, tatu za juu na moja ya chini. Hiyo ndiyo robo tatu yako.

---

Kengele:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa mwishoni umetupitisha haraka. Ulianza kwa kutukataza kuhesabu matawi, ukamaliza kwa kuhesabu manne.

Na hoja ya mtu wa mbali inabeba mzigo ambao hujauonyesha. Umesema akigusa mazingira, nafasi ya atomu haibadiliki. Kwa nini isibadilike? Anayehesabu vichwa atakwambia inabadilika, kwa sababu mazingira yakigawanyika, nakala zangu zinaongezeka. Ukisema "haiwezekani", umeshamkataa kabla hujamsikiliza.

Tena ule ujinga wa kabla ya kufumbua macho unakuja umechelewa. Mimi nataka kuamua leo, kabla ya kipimo: niweke dau kwenye juu au chini? Leo sina nisichokijua. Najua wote wawili watakuwepo. David Deutsch alijaribu hilo mwaka 1999 na David Wallace akaliendeleza: mtu mwenye maamuzi yasiyojipinga atayapa matawi thamani kwa mraba wa amplitudi. Lakini mwanafalsafa David Albert aliuliza swali ambalo sijaona likimalizwa: vipi nikiamua kujali zaidi matawi ambayo mimi ni mnene? Ni kanuni ya ajabu, ndiyo, lakini kuiita ya ajabu si kuonyesha kwamba inajipinga. Na hata akinishawishi jinsi ya kuweka dau, hajanieleza kwa nini karatasi za maabara zinaonyesha robo tatu. Dau ni langu. Karatasi ni za dunia.

---

Mwalimu Wimbi:

Kengele, la kwanza nina jibu. Sikuhesabu manne kwa sababu ni manne. Nilitumia ulinganifu: ukibadilishana sehemu yoyote na nyenzake, hali nzima inabaki ile ile, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipendelea mojawapo. Kwa matawi mawili ya 3/4 na 1/4 ulinganifu huo haupo, ndiyo maana kuhesabu hapo ni kosa.

La mtu wa mbali ni dhana, nakubali. Ila naiona ni dhana ndogo kuliko mbadala wake. Ukiikataa, nafasi ya kilichoandikwa kwenye chombo changu inategemea mgongano wa molekuli upande wa pili wa jengo, na kwa kuwa migongano haina idadi, unabaki huna namba yoyote. Kanuni ya vichwa inaanguka yenyewe kabla sijaikataa mimi.

La dau kabla ya kipimo, nakubali ndilo gumu zaidi. Ninachosema ni kwamba mtu ninayemwekea dau leo ni yule atakayekuwa amefumba macho, na yeye ana swali halali lenye jibu la robo tatu. Nikiwa najali maslahi yake, sina sababu ya kuweka dau tofauti na analotaka yeye.

---

Tarakimu:

Ahsanteni sana. Lile tawi moja dhidi ya 252 nimelihesabu upya kwa mkono wangu na limebadilisha kabisa ninavyoona. Kuhesabu vichwa nimeachana nako.

Kengele, hoja yako ya karatasi za maabara imenirudisha nyuma, nikaanza kuiuliza dunia moja swali lile lile nililomwuliza Everett. Tuseme kuna dunia moja na atomu 10 zinapita. Zote kwenda juu inawezekana. Tano kwa tano inawezekana. Sasa kwa nini nitarajie karibu robo tatu? Utaniambia matokeo mengine "hayana uwezekano mkubwa". Lakini huo ndio uwezekano ninaotaka unieleze! Nikiongeza atomu mpaka milioni, sheria ya namba kubwa inasema mkengeuko una uwezekano mdogo. Kwa mara nyingine neno lile lile liko pande zote mbili. Halafu tunasema mtu apange imani zake kwa kufuata uwezekano, na tukiulizwa kwa nini, tunanyamaza. Mwanafalsafa David Papineau aliwahi kuandika kwamba kwa hili wafuasi wa Everett hawako pabaya kuliko wengine, na sasa namwelewa. Deni ni lile lile. Tofauti ni kwamba kwa Everett naweza kunyoosha kidole kwenye kitu halisi kilichomo ndani ya mlinganyo, uzito wa tawi, nikasema ndicho hiki. Kwenye dunia moja sina cha kunyooshea.

Kinachobaki kunisumbua ni wale watu wa matawi mepesi. Kwenye dunia moja, mtu aliyepimiwa tano kwa tano na akadanganyika huenda hayupo kabisa. Kwa Everett yupo, alifanya kazi yake vizuri, na atakufa akiamini uongo. Uzito mdogo haumfanyi asiwepo. Sioni hilo kama dosari ya hesabu, ila sitaki tuliseme kwa wepesi kana kwamba watu hao ni wa kukadiriwa kuwa sifuri.

Mwalimu, swali la mwisho. Ile mbinu ya sehemu nne inafanya kazi kwa sababu 3/4 ni sehemu, yaani namba nzima kugawanya kwa namba nzima. Nikiinamisha sumaku nyuzi 45, uzito wa juu ni 2 kuongeza kipeuo cha 2, yote kugawanya kwa 4. Hiyo haiandikiki kama sehemu. Inakuwaje?

---

Mwalimu Wimbi:

Uzito huo ni 0.8535 na unaendelea bila kikomo. Unaubana. Uko kati ya 85/100 na 86/100, na zote mbili ni sehemu ambazo mbinu ile inazitatua. Kisha kati ya 853/1000 na 854/1000, na unaendelea kukaza hivyo mpaka usahihi unaoutaka. Kinachohitajika ni dhana moja zaidi: kwamba tawi lenye uzito mkubwa haliwezi kuwa na nafasi ndogo kuliko lenye uzito mdogo. Ukiipa hiyo, hakuna namba nyingine inayobaki isipokuwa mraba wa amplitudi.

Na kuhusu watu wa matawi mepesi, niko upande wako. Wapo.

---

Kengele:

Hiyo dhana ya mwisho naikubali bila shida. Ninayoishikilia bado ni ile ya mtu wa mbali. Mwalimu anasema kuikataa kunaniacha bila namba yoyote, na huenda ni kweli; lakini nadharia kuniacha bila namba si ushahidi kwamba dhana iliyoniokoa ni sahihi. Nikipata hoja ya kuifikia kutoka kwenye mlinganyo wenyewe, bila kutaja uwezekano popote njiani, nitaileta hapa hapa.